Tangazo la albamu lianze na jalada lake

Mhariri,

Kurasa za burudani za gazeti lako, pamoja na majarida yanayouzwa vibandani hapa Nairobi, hubeba matangazo mengi ya albamu mpya, na mengi kati yake yana kasoro moja kubwa: jalada la albamu yenyewe halimo. Picha ya msanii ipo, miale ya mwanga ipo, jina limeandikwa kwa herufi za dhahabu, nembo zimejaa safu nzima na nambari tatu za simu ziko chini. Lakini ile picha ya mraba ambayo msomaji atakutana nayo atakapoutafuta muziki kwenye simu yake haionekani popote. Jioni akifungua Boomplay au YouTube anakuta majalada madogo yasiyozidi upana wa kidole gumba, na hakuna hata moja linalomkumbusha alichokiona asubuhi gazetini. Pesa za tangazo zimekwenda na maji.

Kazi ya tangazo la albamu ni kumwezesha msomaji kulitambua jalada atakapokutana nalo mahali pengine. Desturi zote za usanifu wake, kuanzia ukubwa wa jina hadi mahali pa nembo, zilitokana na kazi hiyo. Msanifu anayezivunja huku akijua sababu zake anaweza kutoa kazi nzuri ajabu. Katika kurasa zetu zinavunjwa kwa kutojua, na wanaoumia ni wasanii chipukizi waliojikusuru kulipia nafasi.

Kabla ya miaka ya 1940 santuri nyingi ziliuzwa ndani ya mifuko ya karatasi ya kahawia au majalada magumu yasiyo na picha. Mwaka 1939 kampuni ya Columbia huko Marekani ilimwajiri msanifu Alex Steinweiss, naye ndiye aliyeanza kuzivisha santuri zake majalada ya michoro na rangi. Columbia hiyo hiyo ilipotoa santuri ndefu ya inchi 12 mwaka 1948, jalada likawa na upana wa zaidi ya sentimita 30, likaweza kutambulika tangu mlangoni mwa duka. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ikalibana likawa kipande chembamba cha wima. Sidii ya mwaka 1982 ikalirudishia umbo la mraba, lakini kwa sentimita 12 tu. Leo kwenye orodha ya nyimbo katika simu limebaki na sentimita moja na nusu hivi. Ukurasa wa jarida, kwa upande wake, haujapungua kiasi hicho, na ni miongoni mwa sehemu chache zilizosalia ambapo jalada linaweza kuonekana likiwa kubwa na kukaa mbele ya macho kwa zaidi ya sekunde moja. Kuliacha nje ya nafasi hiyo ni hasara isiyo na sababu.

Hesabu yake ni rahisi. Ukurasa wa A4 una milimita 210 kwa 297. Jalada la mraba likienea upana wote, linachukua milimita 210 za juu na kuacha ukanda wa milimita 87 chini. Ukanda huo ndio wa maneno: jina, tarehe, vibao viwili vitatu, mahali pa kuupata muziki, na nembo ya lebo kwenye kona. Mpangilio huu ni wa zamani, na bado ndio salama zaidi kwa msanii asiyejulikana, kwa sababu hauhitaji picha ya pili na rangi ya ukanda huchukuliwa kutoka ndani ya jalada lenyewe. Mpangilio wa pili huujaza ukurasa kwa picha ya msanii, kisha jalada dogo huwekwa chini, kwa kawaida upande wa kulia, ambako jicho la anayesoma kutoka kushoto humalizikia. Jalada hilo lisipungue sentimita 6. Sentimita 7 au 8 ni bora zaidi. Chini ya hapo jina lililoandikwa ndani yake hufifia, hasa kwenye karatasi ya gazeti. Liachiwe nafasi tupu ya milimita 4 kuzunguka, au mstari mwembamba, lisije likamezwa na picha. Mpangilio wa tatu ni wa maandishi matupu juu ya rangi moja. Huo waachiwe wale ambao jina lao pekee linatosha kuuza.

Wengi hapa huchagua mpangilio wa pili, na ndio unaoharibika kwa urahisi zaidi. Jalada ni la bluu na machweo, tangazo ni jekundu lililopigwa studio. Kwenye jalada jina limeandikwa kwa mkono, kwenye tangazo limechapwa kwa fonti nyingine kabisa. Msanifu anadhani anampa msomaji kitu kipya, kumbe ameukata uzi uliounganisha vitu viwili. Picha ya tangazo ipigwe siku ile ile ya picha ya jalada, kwa mavazi yale yale na mwanga ule ule. Mpigapicha aambiwe mapema apige pia fremu za wima zenye nafasi tupu juu ya kichwa, karibu theluthi ya picha, ili jina lipate pa kukaa. Akileta fremu za mraba peke yake, msanifu atalazimika kunyoosha ukuta au anga kwa kompyuta, na kunyooshwa huko huonekana.

Macho ya msanii nayo yana kazi. Akitazama kamera, msomaji husimama kwake. Akitazama pembeni, msomaji hufuata anakotazama, kwa hiyo atazame kwenye jina au kwenye jalada, asitazame nje ya ukurasa kuelekea tangazo la jirani. Njia ya mkato ya kuigeuza picha kwa kompyuta ili uso uelekee upande unaotakiwa ni ya hatari: mpiga gitaa wa mkono wa kulia anageuka wa kushoto, na maandishi ya fulana yanasomeka kinyumenyume. Wapenzi wa benga wataliona hilo kabla hawajafika kwenye jina.

Kuhusu ukubwa wa herufi, vipimo vinavyofaa kwenye A4 ni pointi 60 hadi 90 kwa jina la msanii, karibu nusu yake kwa jina la albamu, 18 hadi 24 kwa tarehe, na 9 hadi 11 kwa maelezo. Mstari wa haki, wenye alama ya © kwa jalada na ℗ kwa rekodi pamoja na mwaka, unaweza kushuka hadi pointi 6 kwenye jarida lakini usiende chini ya 7 kwenye gazeti. Fonti mbili zinatosha, na mojawapo iwe ile ya jalada. Kipimo cha kweli ni kuchapa ukurasa kwa ukubwa wake kamili, kuubandika ukutani na kurudi nyuma mita mbili. Jina lisomeke kutoka hapo. Ukisogea hadi urefu wa mkono, tarehe isomeke. Tangazo likitazamwa kwenye kompyuta peke yake, likiwa limekuzwa au kupunguzwa, hakuna anayejua kitakachoonekana karatasini.

Tarehe ni neno dogo linaloharibiwa sana. Tangu tarehe 10 Julai 2015 lebo za kimataifa zilikubaliana albamu mpya zitoke siku ya Ijumaa, na wasanii wetu wengi wamefuata. Lakini jarida la mwezi hufunga kurasa wiki kadhaa kabla ya kufika mtaani, na likishafika hukaa kwenye saluni, kinyozi na zahanati kwa miezi. Anayeandika “Ijumaa hii” au “hivi karibuni” ameandika kitu ambacho wasomaji wengi hawataweza kukielewa. Iandikwe siku, tarehe, mwezi na mwaka. Na kama toleo litaingia sokoni baada ya albamu kutoka, yaandikwe maneno mawili tu, “Inapatikana sasa”, kwa ukubwa ule ule wa tarehe.

Vibao vitajwe viwili au vitatu, vile vilivyokwisha kupigwa redioni. Watu wengi wanaujua wimbo bila kujua jina la aliyeuimba, na mstari wa vibao ndio unaowaunganisha. Kuorodhesha nyimbo zote 14 ni kuugeuza mgongo wa sidii kuwa tangazo, hakuna atakayesoma. Sifa za wahakiki zinafaa zikiwa fupi, zisizidi maneno kumi na mawili, na jina la chombo kilichozitoa likiandikwa chini yake. Nyota tano zisizo na mwenyewe hazimshawishi mtu. Msanii mwalikwa atajwe kwa herufi ndogo kuliko mwenye albamu, na picha yake isitumiwe bila idhini yake ya maandishi. Kuna matangazo ambayo mgeni wa wimbo mmoja amewekwa mbele kwa sababu ni maarufu zaidi, na msomaji akanunua akidhani albamu ni yake. Hiyo ni kumhadaa mnunuzi.

Sasa nije kwenye karatasi, maana hapo ndipo kazi nzuri nyingi zinapofia.

Karatasi ya gazeti ni nyepesi, takribani gramu 45 kwa mita moja ya mraba. Haina mpako, na wino wake haukaushwi kwa joto; hunywewa na karatasi yenyewe. Kila nukta ya wino inayotua hutanuka. Eneo lililowekewa wino wa asilimia 50 kwenye kompyuta huonekana kama asilimia 75 hivi likishachapwa. Kwenye karatasi ya jarida yenye mng'ao nukta hutanuka pia, ila kwa kiasi kidogo, karibu na asilimia 65. Chukua basi uso wa mtu mweusi uliopigwa picha mbele ya ukuta mweusi, taa moja tu ikitoka upande, kama ulivyo mtindo wa sasa. Picha nzima imejaa rangi za kati na za giza, na ni kwenye rangi za kati ambapo kutanuka kunaumiza zaidi. Macho yanazama, pua inapotea, shavu linakuwa doa la rangi ya matope. Msanii hulaumu mtambo wa kuchapa. Mtambo umefanya kazi yake. Faili ndiyo iliyotayarishwa kwa kioo cha simu kinachotoa mwanga, na karatasi haitoi mwanga wowote.

Dawa huanzia kwenye kamera. Upande wa kivuli uwekwe ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni. Hata karatasi ngumu nyeupe kutoka duka la vitabu inatosha. Taa ya pili iwekwe nyuma ya msanii ili ichore ukingo wa nywele na mabega, la sivyo kichwa kitaungana na ukuta. Kisha kwenye kompyuta, mwanga wa rangi za kati upandishwe: kwa gazeti, sehemu yenye wino wa asilimia 50 ishushwe hadi 35 au 40. Mng'ao wa macho na meno usiguswe. Jumla ya wino wa rangi zote nne (sayani ya samawati, majenta ya waridi, manjano na nyeusi), kila moja ikihesabiwa hadi asilimia 100, katika sehemu yenye giza zaidi isizidi asilimia 240 kwenye gazeti na 300 kwenye jarida. Ikizidi, wino haukauki, ukurasa unaotazamana nao unachafuka, na vidole vya msomaji vinabaki vyeusi.

Kwa rangi ya ngozi yenyewe kuna kanuni ya kikazi inayosaidia sana. Manjano na majenta ziwe karibu sawa, manjano ikizidi kidogo. Sayani iwe kati ya theluthi na nusu ya majenta. Giza lote la ziada litoke kwenye wino mweusi, lisitoke kwenye kulundika sayani. Sayani ikizidi, ngozi inakuwa ya kijivu, iliyopauka. Majenta ikizidi, inakuwa nyekundu. Mwanga ukipandishwa kwa kufuata uwiano huu mtu anabaki na rangi yake, ila anaonekana. Kumng'arisha msanii mpaka abadilike rangi ni jambo jingine kabisa, na linamvunjia heshima. Uso wake ndio alama ambayo mashabiki wanaijua.

Gazeti likimpa msanifu profaili ya rangi ya mtambo wake, yaani faili inayoeleza jinsi mtambo huo unavyotoa rangi, programu ya picha hulipa fidia ya kutanuka yenyewe wakati wa kubadilisha faili kuwa rangi nne. Hapo asipandishe mwanga wa rangi za kati kwa mkono mara ya pili, kwa sababu uso utatoka umepauka na picha nzima itakuwa na ukungu. Ni moja kati ya hizo mbili. Tatizo ni kwamba wasanifu wengi wa hapa mjini hawajawahi kupewa profaili hiyo, na wala hawajui kwamba wana haki ya kuiomba.

Maandishi madogo yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa rangi nne, tofauti ndogo tu ya kulingana kati ya pleti (mabamba ya kuchapia) huyatia kivuli chekundu au cha bluu. Herufi nyeupe ndani ya picha ya rangi nyingi ziwe nene na zisipungue pointi 10 kwenye gazeti, maana wino unaotanuka pembeni huziba matundu ya a na e. Weusi mkubwa wa nyuma ya picha upewe nyeusi 100 na sayani 40, basi; hauhitaji zaidi.

Upande wa pikseli kuna jambo la kusikitisha kwa sababu halina gharama yoyote kulirekebisha. Majukwaa ya muziki mtandaoni huitisha jalada la pikseli 3000 kwa 3000. Kwa pikseli 300 kwa kila inchi, ambacho ndicho kipimo cha jarida, faili hiyo inatosha mraba wa sentimita 25.4, yaani upana wote wa A4 na ziada. Kila msanii aliyetoa albamu ana faili hiyo. Lakini inayoletwa kwa msanifu ni picha iliyopitia WhatsApp, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida huipunguza hadi pikseli 1600 hivi kwa upande mrefu. Hiyo inatosha sentimita 13.5 tu. Ikinyooshwa hadi ukurasa mzima, nywele zinakuwa uji na kingo za herufi zinaota meno. Itumwe kama hati, sio kama picha, au kwa barua pepe, au iletwe kwa flashi. Ukurasa mzima wa A4 pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande ni milimita 216 kwa 303, sawa na pikseli 2551 kwa 3579. Jina, tarehe na msimbo wa QR vikae angalau milimita 8 ndani ya mstari wa kukata. Kwenye kurasa mbili zinazotazamana, uso usikae katikati kabisa, kwa sababu jarida lililobandikwa kwa gundi humeza milimita kadhaa kila upande wa mshono.

Njia ya kumtoa msomaji karatasini hadi kwenye muziki imebadilika. Zamani yalitajwa maduka ya santuri ya mjini. Siku hizi ni msimbo wa QR na nambari ya Skiza, huduma ya miito ya nyimbo anazosikia mpigaji akisubiri simu ipokelewe. Msimbo huo una kanuni zake. Kiungo kifupi cha herufi zisizozidi 40 hutoa msimbo wa vijisanduku 29 kwa 29 kwenye kiwango cha M cha kurekebisha makosa, ambacho huvumilia kuharibika kwa asilimia 15 hivi. Kila kijisanduku kikipewa milimita 0.8, msimbo una milimita 23, na ukiongeza pembezoni tupu za vijisanduku vinne kila upande unafika karibu sentimita 3. Huo ndio ukubwa wa gazeti. Jarida linaweza kushuka hadi sentimita 2. Kiungo kirefu chenye mkia wa alama huongeza vijisanduku, vinakuwa vidogo, wino unaviunganisha, na kamera haisomi kitu. Uchapwe kwa nyeusi tupu juu ya nyeupe, na usiwekwe juu ya picha. Usigeuzwe rangi kuwa mweupe juu ya nyeusi, kwa sababu baadhi ya simu haziusomi hivyo. Na uangaliwe umetoka wapi: tovuti nyingi za kutengeneza misimbo hutoa msimbo unaopitia kwao kwanza, na siku za majaribio zikiisha unazimwa. Tangazo linabaki mtaani likiwa limekufa. Utengenezwe msimbo unaokwenda moja kwa moja kwenye ukurasa ambao msanii anaumiliki.

Skiza nayo isidharauliwe, hasa kwa wasomaji wasio na simu za kisasa. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yaliweka sehemu ya msanii au mwenye haki kuwa asilimia 52 ya mapato ya miito hiyo baada ya kodi, kwa hiyo mstari mmoja wa tangazo unaweza kumletea mtu riziki ya kweli. Uandikwe kama unavyotumwa: neno SKIZA, nafasi, nambari ya wimbo, kwenda 811. Nambari ziwe pointi 10 au zaidi, kwa fonti ambayo 1 na 7, 3 na 8, 6 na 0 zinatofautiana hata wino ukitanuka. Nyimbo mbili zinatosha. Kila nambari ipigwe kwenye simu kutoka kwenye prufu (nakala ya majaribio) iliyochapwa, isipigwe kutoka kwenye kompyuta, kwa sababu makosa mengi huingia wakati wa kunakili.

Nembo za majukwaa zimekuwa ugonjwa. Tangu Spotify ilipoingia Kenya mwaka 2021, safu ya chini imeongezeka hadi nembo nane au tisa za rangi tofauti, zikishindana na jina la msanii mwenyewe. Mstari mmoja wa maandishi, “Boomplay, Mdundo, Spotify, Apple Music, YouTube”, unafanya kazi ile ile kwa nafasi ya milimita 5.

Robo ukurasa, yapata sentimita 9 kwa 13, ndiyo saizi ambayo wengi wanaimudu. Hapo vibaki vitu vitano: jalada, jina la msanii, jina la albamu, tarehe na njia moja tu ya kuupata muziki. Robo ukurasa wa namna hiyo huushinda ukurasa mzima uliosongamana.

Kila aina ya muziki ina sura yake, na msomaji huitambua kabla ya kusoma: nyimbo za injili na mawingu yake, zambarau na dhahabu, benga na gitaa mbele na bendi nzima nyuma, rumba na sare za suti, taarabu na herufi zenye mikia, gengetone na kuta za mtaa. Sura hizo husaidia. Lakini injili imefika mahali ambapo matangazo kumi yanaweza kubadilishana majina bila mtu kugundua, na huko desturi imegeuka kuwa kifuniko. Hapa Nairobi tuna hazina ambayo haijaguswa vya kutosha: waandishi wa herufi za magari ya matatu na wachora vibao wa maduka. Herufi zao zina uzito, zina kivuli, zilibuniwa kusomeka gari likiwa mbioni, na hazipatikani kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Msanii amlipe mchoraji aandike jina lake mara moja kwa brashi, lipigwe picha kwa mwanga sawa, ligeuzwe kuwa mchoro wa kompyuta unaokuzwa bila kuharibika, kisha litumike kwenye jalada, tangazo na bango. Hilo ni bora kuliko fonti ya bure iliyopakuliwa, ambayo mara nyingi leseni yake hairuhusu biashara na ambayo wasanii wengine 20 wanaitumia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Dawati lenu la matangazo litoe ukurasa mmoja wa vipimo kwa Kiswahili, uchapwe gazetini na uwekwe mtandaoni: saizi za nafasi kwa milimita, pikseli zinazotakiwa, kikomo cha wino, ukubwa mdogo kabisa wa herufi nyeupe, profaili ya rangi ya mtambo wenu, aina ya PDF inayokubalika, na saa ya mwisho ya kupokea faili. Tangazo lenye picha ya pikseli chache lisipokelewe kimya kimya. Mteja apigiwe simu siku hiyo hiyo akiwa bado ana muda wa kuleta nyingine. Na kila anayelipia robo ukurasa au zaidi aonyeshwe prufu iliyochapwa kwenye karatasi ya gazeti lenyewe, aitie sahihi. Prufu ya karatasi nyeupe yenye mng'ao humwonyesha uso ambao hautatokea kesho yake.

Msanifu wa matangazo,
Nairobi